Je, Wajua? Siri Zilizogongwa Kwenye Ekseli za Malori ya Zamani

Ukitaka kulijua lori la zamani, usisimame mbele yake. Rangi hupakwa upya, kabini hubadilishwa, na nembo ya mbele hung'olewa kwa bisibisi. Lala chali huku nyuma, umulike tochi kwenye lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu, ambalo mafundi wetu huliita difu. Hapo ndipo kiwanda kilipoacha habari za kweli: ekseli ni ya nani, inabeba tani ngapi, na lori lenyewe liliundwa kupanda milima au kukimbia tambarare. Anayefufua lori la miaka 50 au 60 hana budi kuzisoma habari hizo kabla hajanunua spea hata moja, maana difu anayoiona huenda siyo iliyotoka nayo kiwandani. Na katika kuzisoma, mtu hukutana na mambo ya ajabu kwelikweli. Shika haya.

Chaki moja yatosha

Unaweza kuujua uwiano wa difu bila kufungua hata nati moja. Zuia magurudumu ya mbele, inua ekseli ya nyuma kwa jeki, ilaze juu ya stendi imara, na gia iwe huru. Piga alama ya chaki kwenye propela, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, na nyingine kwenye tairi. Mwenzako ashike gurudumu la upande wa pili lisicheze. Wewe zungusha la kwako mizunguko miwili kamili huku ukihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara sita na zaidi kidogo ya robo tatu, difu yako ni ya 6.8 hivi kwa 1.

Kwa nini miwili na si mmoja? Kwa sababu gurudumu moja likishikwa, jingine huzunguka mara mbili ya krauni, ile gia kubwa iliyo ndani. Hiyo ndiyo kazi ya difu tangu mwaka 1827, Mfaransa Onésiphore Pecqueur, ambaye alikuwa mtengenezaji wa saa, alipoibuni kwa ajili ya gari la mvuke. Ukitaka jibu safi zaidi, zungusha gurudumu mara 20 kisha ugawe hesabu ya propela kwa 10. Hapo hata desimali ya pili hujitokeza.

Meno 41 hayakuja kwa bahati

Krauni za malori hupenda sana kuwa na meno 37, 41 au 43, na namba zote hizo ni tasa: hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Wahandisi walizichagua makusudi. Chukua krauni ya meno 41 inayosukumwa na pinyoni, yaani gia ndogo ya upande wa propela, yenye meno 6. Kila jino la pinyoni litakutana na kila jino la krauni, zamu kwa zamu, na jozi zote 246 zitapita ndipo mzunguko uanze upya. Jino lenye kasoro ndogo halimli jirani mmoja peke yake. Uchakavu unagawanywa kwa wote.

Sasa weka krauni ya meno 40 na pinyoni ya meno 10. Uwiano ni 4 kamili, namba nzuri ya kuandika, lakini kila jino la pinyoni litagongana na meno yale yale manne maisha yake yote. Ndiyo maana seti za namna hiyo mara nyingi huwekewa alama kiwandani, ili fundi akizifungua azirudishe jino kwa jino kama zilivyokuwa.

Kwa mfufuaji wa lori jambo hili ni tamu. Ukigawa 41 kwa 6 unapata 6.83, na ukigawa 41 kwa 11 unapata 3.73. Ukikuta 3.73 au 6.83 kwenye kitabu cha zamani, tayari umeyaona meno yaliyo ndani ya bakuli lililofungwa.

Krauni moja, tabia mbili

Jino moja moja la pinyoni linaweza kuligeuza lori la mgodini kuwa lori la safari. Tuseme injini inazunguka mara 2,400 kwa dakika, gia ya juu inapeleka moja kwa moja, na tairi ni zile za 10.00-20 zinazokula takriban mita 3.2 kwa mzunguko. Kwa difu ya 6.83 lori litakwenda kama kilomita 67 kwa saa, na injini itakuwa inalia. Kwa difu ya 3.73, injini hiyo hiyo kwa mlio ule ule itakupeleka hadi 123.

Kwa hiyo mtu anayebadilisha difu ya lori lake la zamani "ili likimbie" amebadilisha kabila la lori. Hakuna ubaya, mradi ajue alichokiondoa na akitunze. Lori lililoundwa kupanda na tani 10 za mawe linapaswa kusikika likipanda na tani 10 za mawe, na huo ndio msimamo wangu.

Kampuni ya ekseli iliyofika mwezini

Mwaka 1969, chombo kilichowabeba wanaanga wa Apollo 11 kwenda mwezini na kuwarudisha kilikuwa kimetengenezwa na kampuni ambayo pia ilikuwa ikitengeneza ekseli za malori. Hadithi yenyewe inaanza na Henry Timken, mtengenezaji wa mikokoteni ya farasi mjini St. Louis, aliyepata hataza ya beringi zenye roli za mshazari mwaka 1898. Mwaka 1909 ikaanzishwa Timken-Detroit Axle Company. Mwaka 1953 ikaungana na watengenezaji wa springi ikawa Rockwell Spring and Axle. Mwaka 1958 ikawa Rockwell-Standard. Mwaka 1967 ikaungana na watengenezaji wa ndege, North American Aviation, na kuitwa North American Rockwell. Mwaka 1973 jina likawa Rockwell International, ambayo ndiyo iliyounda vyombo vya anga vya Space Shuttle. Biashara ya ekseli ikajitenga mwaka 1997 kwa jina la Meritor, na mwaka 2022 ikanunuliwa na Cummins.

Kwa nini ukariri ukoo huo? Kwa sababu jina lililovimba kwenye chuma hukupa dirisha la miaka. Ekseli iliyoandikwa TIMKEN na iliyoandikwa ROCKWELL zinaweza kuwa mama na mwana wa kiwanda kimoja, na muuza spea asiyejua ukoo atakuambia kitu hicho hakijawahi kuwepo.

Saba kwa mwaka mzima

Eaton, jina kubwa jingine la ekseli za malori, ilitengeneza ekseli saba tu katika mwaka wake wa kwanza, zote kwa mkono. Ilikuwa mwaka 1911 huko Bloomfield, New Jersey, Joseph Eaton alipoingia ubia na mvumbuzi Viggo Torbensen, aliyekuwa na hataza ya ekseli ya lori inayoendeshwa kwa gia badala ya mnyororo. Mwaka 1998 Eaton iliiuzia Dana biashara yake ya ekseli. Kwa hiyo spea ya Eaton ya mwaka 1965 leo huulizwa chini ya jina la Dana Spicer, na huyo Spicer ni Clarence Spicer, aliyeipa dunia jointi za propela mwanzoni mwa karne ya 20.

Namba zilizovimba na namba zilizozama

Ekseli moja hubeba namba za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Zilizovimba zilitoka na kalibu wakati chuma kinasubiwa: hizo zinataja ganda lenyewe, na ganda hilo hilo lingeweza kuwekwa gia za namna tano tofauti. Zilizozama ziligongwa kwa nyundo baadaye, wakati difu inaunganishwa, na ndizo zinazotaja modeli, uwiano na namba ya mfululizo. Ukinakili zilizovimba peke yake na kuagiza krauni, utaletewa krauni inayoingia vizuri lakini isiyo yako.

Kuziona zilizozama ni kazi ya subira. Chini ya miongo mitano ya grisi na vumbi kuna sehemu bapa, mara nyingi karibu na mdomo wa pinyoni au ukingoni mwa bakuli la difu. Lainisha uchafu kwa mafuta ya taa, ukwangue taratibu kwa kipande cha mti, umalizie kwa burashi laini ya waya wa shaba. Grainda isikaribie kabisa. Chuma kikikauka, paka chaki nyeupe kisha ufute juu juu kwa kiganja: chaki hubaki mashimoni, na tarakimu huchomoza zikiwa nyeupe juu ya chuma cheusi. Tochi imulike kutoka ubavuni, maana ikitoka mbele humeza kivuli ambacho ndicho kinachokusomea namba. Piga picha kabla hujaanza kubashiri kama ile ni 5 au S, 0 au D.

Na usisahau kibati. Difu nyingi zilitoka kiwandani na kibati chembamba kilichobanwa chini ya bolti mojawapo. Vingi vilitupwa siku ya kwanza difu ilipofunguliwa.

Gia zilizooana

Krauni na pinyoni za difu ya lori husagishwa pamoja kiwandani hadi zizoeane, halafu hugongwa namba moja ya kuzitambulisha kuwa ni jozi. Ukikuta namba ya krauni haifanani na ya pinyoni, umejua papo hapo kwamba mtu aliwahi kuokoteza. Difu hiyo inaweza kutembea, ila itaimba, na mara nyingi haitazeeka. Mara nyingi idadi ya meno yenyewe huandikwa usoni mwa gia, kwa mfano 41-6, na hapo hesabu ya chaki unaifanya kwa ajili ya kuhakikisha tu.

Rangi ya difu na wimbi la Hokusai

Rangi ya buluu ambayo mafundi hupaka kwenye meno ili kuona yanagusana wapi ni ya ukoo mmoja na ile iliyochora mchoro mashuhuri kuliko yote wa Japani, lile Wimbi Kuu la Hokusai la miaka ya 1830. Ni buluu ya Prussia, iliyopatikana Berlin kwa bahati mwanzoni mwa miaka ya 1700. Kwenye difu hupakwa utando mwembamba, gia zikazungushwa, na pale meno yanapogusana rangi husukumwa pembeni na kuacha doa. Doa likiwa katikati ya jino, kazi imekaa sawa. Likikimbilia kilele cha jino au shina lake, pinyoni imetoka mno au imeingia mno. Uchezaji unaotafutwa kati ya meno hayo mazito hupimwa kwa sehemu za kumi za milimita.

Mbwa wa dhahabu

Mbwa aliye juu ya boneti ya lori la Mack hukuambia habari za ekseli. Kwa desturi ya kampuni hiyo, bulldog wa rangi ya dhahabu humaanisha injini, giaboksi na ekseli za nyuma zote ni za Mack. Akiwa wa kromu, sehemu mojawapo imetoka kwa mtengenezaji mwingine. Sanamu hiyo ilichongwa mwaka 1932 na mhandisi mkuu wa Mack, Alfred Masury, akiwa amelazwa hospitalini. Jina la Bulldog lilikuwepo kabla yake: wanajeshi wa Uingereza ndio waliolipa lori la Mack AC jina hilo katika Vita Kuu ya Kwanza.

Na hiyo AC, iliyoundwa tangu 1916 hadi 1939, haikuwa hata na difu katika ekseli ya nyuma. Difu ilikaa mbele, na nguvu ikapelekwa magurudumuni kwa minyororo miwili mizito. Anayeifufua huanza kwa kuhesabu meno ya magurudumu ya mnyororo, hadharani, mchana kweupe.

Ila sanamu huweza kuhamishwa kutoka boneti hadi boneti. Ushahidi mzito zaidi uko Allentown, Pennsylvania, kwenye jumba la makumbusho la Mack, ambako huhifadhiwa rekodi za malori yaliyoundwa, zinazotafutwa kwa namba ya chasisi.

Cheti kilichojificha kwenye dashibodi

Malori ya International Harvester yalitoka kiwandani na karatasi iliyotaja kila kilichofungwa kwenye lori hilo mahususi, na mara nyingi ilibandikwa ndani ya kisanduku cha dashibodi. Mistari yake imejaa namba za siri, lakini mpangilio wake ni rahisi: zinazoanza na 02 ni ekseli ya mbele, 13 ni giaboksi, 14 ni ekseli ya nyuma. Malori mawili yaliyofuatana kwenye mstari wa kuunganishia, ya rangi moja na injini moja, yangeweza kuwa na ekseli tofauti kabisa, kwa sababu mnunuzi wa lori zito aliagiza kila kiungo alivyotaka.

Jambo hilo linafaa kurudiwa. Gari dogo lina modeli, na modeli ina difu yake. Lori zito la zamani ni agizo la mtu. Kitabu cha modeli kitakupa orodha ya yaliyowezekana, lakini rekodi ya chasisi ndiyo itakayokupa lililofanyika. Kwa malori ya Leyland, mlango wa kubisha uko katika mji wenyewe wa Leyland, Lancashire, ambako jumba la makumbusho la magari ya biashara ya Uingereza hutunza nyaraka za kampuni hiyo. Wakenya wenye Leyland zilizounganishwa Thika, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974, nao wana sababu ya kuanza na namba ya chasisi kabla ya kuuliza jambo jingine.

Lori moja la jeshi, difu za aina mbili

GMC CCKW, lori la magurudumu sita la jeshi la Marekani, liliundwa kwa zaidi ya nusu milioni kati ya 1941 na 1945, na mahitaji yalikuwa makubwa hata mtengenezaji mmoja wa ekseli asingetosha. Nyingine zikapewa ekseli za Timken, ambazo ganda lake lina vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti katikati. Nyingine zikapewa ekseli za General Motors zenye ganda la kipande kimoja lililovimba katikati. Kwa jicho unazitofautisha ukiwa umesimama mita kumi nyuma ya lori. Kwa spea, hazikopeshani gia. Haya ndiyo malori yaliyobeba mafuta na risasi kwenye msafara wa Red Ball Express nchini Ufaransa mwaka 1944, yakiendeshwa kwa sehemu kubwa na madereva Wamarekani weusi.

Herufi moja, ekseli nzima

Kwenye Scania za miaka ya 1960 na 1970, herufi iliyofuata L ilitosha kutaja mpangilio wa nyuma: LS ilikuwa na ekseli mbili nyuma lakini moja tu ikisukuma, LT ilikuwa na mbili na zote zikisukuma. Ukiona B katikati, basi dereva ameketi juu ya injini. Watanzania wanaikumbuka Scania kwa sababu nyingine pia, kwamba kiwanda cha TAMCO cha Kibaha kiliziunganisha hapa hapa nyumbani.

Tani zilizofichwa kwenye jina

Ekseli inayoitwa RT-40-145 imekutajia uzito wake mchana kweupe. R ni ya nyuma, T ni jozi ya ekseli mbili, na 40 ni pauni 40,000, yaani karibu tani 18.1. Kwa msafirishaji wa huku kwetu namba hiyo inapendeza: sheria ya mizani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo huruhusu tani 18 kwa jozi ya ekseli zenye tairi mbili mbili kila upande.

Lakini ekseli kuweza kubeba haimaanishi lori zima linaweza. Uzito halali huamuliwa na kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, kiwe springi, rimu au tairi. Na barabara ina hesabu yake kali. Majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960, ambapo malori yalizungushwa barabarani hadi ekseli zikapita zaidi ya mara milioni moja, yalionyesha kuwa uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ongeza mzigo wa ekseli kutoka tani 5 hadi 10, na umeiumiza barabara mara 16. Ongeza kutoka 10 hadi 13, na ni karibu mara tatu.

Difu yenye kitufe

Kuna malori ambayo yalibadilisha gia ndani ya difu. Eaton ilitengeneza difu ya kasi mbili: gia ndogo huzunguka gia ya katikati, na dereva akibonyeza kitufe kwenye mkono wa gia, uwiano hubadilika huku nyuma kwa mota ya umeme au kwa nguvu ya ombwe. Giaboksi ya gia tano ikawa na ngazi kumi. Bedford TK ziliweza kuagizwa na difu hiyo.

Sasa fikiria spidomita. Inasoma mwendo kwenye giaboksi, kabla ya difu, kwa hiyo difu ikibadilika ingedanganya. Ndiyo maana difu hizo zilikuja na kifaa kidogo cha kuisahihisha spidomita kila kitufe kinapobonyezwa. Basi ukikuta kitufe kisicho na kazi kwenye mkono wa gia, au kifaa cha ajabu kwenye kebo ya spidomita, lori lako liliwahi kuwa na difu ya kasi mbili hata kama leo haipo. Ushahidi kama huo hubaki hata pale ambapo difu yenyewe iliuzwa zamani.

Nati za kushoto hufunguka kinyume

Katika malori mengi ya zamani ya Kiingereza na ya Kimarekani, nati za magurudumu ya kushoto zina nyuzi za kinyume, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Mara nyingi stadi zake zimegongwa L kwenye ncha. Ukikuta upande wa kushoto una nyuzi za kawaida ilhali kitabu cha lori kinasema kinyume, hapo kuna habu iliyohamishwa. Ukikaza mguu kwenye spana bila kujua, utavunja stadi ukidhani nati ina kutu.

Nyuzi zinazotaja nchi

Nyuzi za bolti za Whitworth, zilizopangwa na Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, zina pembe ya digrii 55. Za Kimarekani na za kimetriki zina digrii 60. Mwezi Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana kutumia mfumo mmoja wa digrii 60, kwa hiyo bolti ya Whitworth kwenye ekseli ni dokezo la asili ya Kiingereza na la umri. Spana zake nazo zina mtindo wa pekee: namba iliyoandikwa ni ya unene wa bolti, wala si ya upana wa kichwa. Spana ya Whitworth ya nusu inchi ina mdomo wa milimita 23 hivi.

Mafuta yanayoila difu

Si kila difu ya zamani inapenda mafuta ya kisasa. Baadhi ya malori ya mwanzo, kama Pierce-Arrow ya tani 5 ya mwaka 1911, yalitumia pinyoni yenye umbo la skrubu inayosukuma gurudumu la bronzi. Mafuta mazito ya leo, yaliyotiwa kemikali za salfa kwa ajili ya gia za chuma tupu, yanaweza kuishambulia bronzi hiyo. Ukitoa mafuta ya zamani na kuona chembe za rangi ya shaba, simama kwanza ujue ni gia gani iliyo ndani. Peugeot 404 nayo ilikuwa na gia ya namna hiyo nyuma, na haikuizuia kushinda Safari Rally. Mwaka 1966 na 1967 aliyeiendesha hadi ushindi ni Bert Shankland wa Tanzania.

Upana wa mistari miwili ya viazi

Unimog ya kwanza ilipewa upana wa milimita 1,270 kati ya magurudumu kwa sababu huo ndio upana wa mistari miwili ya viazi katika mashamba ya Ujerumani. Ekseli yake hukaa juu zaidi ya kitovu cha gurudumu, na gia nyingine ndogo kwenye habu huteremsha nguvu. Hapo ukihesabu meno ya difu peke yake utapata nusu ya jibu. Ni chaki tu, inayopima kutoka propela hadi tairi, itakayokupa uwiano mzima.

Tatra za Kicheki zina jambo la kushangaza zaidi. Magurudumu ya kushoto na kulia hayakai sambamba kabisa: upande mmoja umetangulia kidogo, kwa kuwa kila nusu ya ekseli ina krauni na pinyoni yake. Fundi asiyejua anaweza kudhani chasisi imepinda akaanza kuinyoosha.

Shafti isiyobeba kitu

Katika ekseli nyingi za malori mazito, shafti inayozungusha gurudumu haibebi hata kilo moja ya lori. Uzito wote umelala juu ya ganda na beringi za habu, na shafti inaweza kuchomolewa huku lori limesimama kwa tairi zake zenyewe. Kwa mfufuaji hii ni zawadi, maana shafti ikitoka unaweza kuhesabu mifereji ya ncha yake na kupima urefu, na vipimo hivyo viwili huondoa modeli nyingi kwenye orodha. Jambo moja la usalama tu: ukifika kwenye breki za lori la zamani, usipulize vumbi kwa kompresa. Bitana za enzi hizo mara nyingi zilikuwa na asbestosi. Lowesha, futa, vaa barakoa.

Basi ndugu msomaji, kama una lori la zamani uani, au mzee wako analo, fanya hivi kabla ya grainda na kabla ya rangi: piga picha kila namba ya kila ekseli, andika idadi ya meno na uwiano kwenye daftari, na kile kibati kidogo kilicholegea kirudishe chini ya bolti yake.